Mama Posta Anajibu: Homa ya Treni, Nondo na Nyota

Mhariri amenikabidhi barua nne zilizofungwa pamoja kwa mpira, na juu yake ameandika kwa kalamu nyekundu: "Hawa wote wana wazimu mmoja." Nimezisoma hapa kwenye veranda yangu Section 58, Nakuru, chai ikapoa, nikapasha, ikapoa tena. Mhariri amekosea. Mimi huiita homa, kwa sababu inakupanda bila hodi, inakutoa jasho, na mara nyingi hushuka yenyewe bila dawa. Katika miaka yangu 71 nimeugua homa za aina hiyo zisizopungua sita. Kwa hiyo leo msitarajie nasaha za mtu mzima wa afya.

*

Mama Posta, misawa. Mimi ni mtu wa boda hapa Kisumu, nina miaka 33, mke na watoto wawili. Shida yangu ni treni. Ilianza mwaka juzi nikingoja abiria pale reli inapokata barabara Kibos. Ikapita treni ya mafuta, nikajikuta nahesabu mabehewa. Kesho yake nikahesabu tena. Sasa nina daftari tatu za kurasa 200. Naandika namba ya injini, saa, idadi ya mabehewa na inakoelekea. Zile zinazoanza na 93 na zile za 94 siku hizi nazitofautisha kwa mlio kabla hazijatokea.

Kwenye simu nimesoma historia yote. Unajua, Mama, kulikuwa na injini za mvuke za daraja la 59, 34 kwa jumla, zilizoundwa Manchester mwaka 1955 na 1956, na kila moja ilipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki? Duniani kote hakuna reli ya upana wa mita moja iliyowahi kuwa na injini ya mvuke yenye nguvu kuzishinda. Moja wapo, Mount Gelai, namba 5918, bado iko kwenye makumbusho ya reli Nairobi. Nimepanga kwenda kuigusa tu.

Wenzangu wa steji wananiita Stesheni. Hilo halinisumbui. Lakini mke wangu, anayeuza omena Kibuye, hatusikilizani tangu mwezi uliopita. Nilipata habari kwamba kuna treni itapita Muhoroni asubuhi, nikachukua shilingi 900 zilizokuwa kwenye kopo ndani ya kabati, nikajaza mafuta nikaenda. Kumbe zilikuwa za kuongezea magorogoro mawili matatu ya omena. Alisema afadhali ningekuwa na mwanamke, angejua pa kwenda kupigana. Zamani jioni alikuwa akiniuliza, "Leo ilikuwa namba gani?" lakini nilijua ananikejeli, nikawa simjibu. Je, huu ni ugonjwa? Niache?
Stesheni, Kisumu

Omera, umeandika kurasa nne. Nimezihesabu, maana maradhi ya kuhesabu si yako peke yako. Mhariri amepunguza sana hapo juu. Kurasa tatu na nusu ni treni, na nusu ukurasa uliobaki ndio mke, watoto, kopo na zile 900.

Tuanze na neno ugonjwa. Hapo steji yako pana mtu anayeweza kukutajia kikosi kizima cha Gor Mahia kilichotwaa Kombe la Washindi Afrika mwaka 1987, na pengine wakati huo alikuwa bado hajazaliwa. Atakutajia nani alikuwa benchi. Huyo anaitwa shabiki, ananunuliwa soda. Wewe unajua injini 34 na majina ya milima yake, unaitwa mgonjwa. Tofauti yenu ni kwamba yeye ana wenzake elfu nyingi na wewe uko peke yako pale Kibos. Upweke huo ndio unaowafanya watu wakushike paji la uso kupima joto.

Na ukitaka kujua, kazi uliyojipa si ya kipuuzi. Reli ilipofika huko kwenu Desemba 1901, mahali hapo pakaitwa Port Florence, kwa jina la mke wa Ronald Preston, aliyesimamia kulaza zile chuma. Hiyo tunaijua kwa sababu wakubwa waliandika. Lakini ni nani aliandika kwamba Alhamisi fulani treni ya mafuta ilipita Kibos saa moja kasoro robo na mabehewa 18? Hakuna. Ni wewe tu. Mimi nilifanya kazi ambapo kila mfuko wa barua ulioingia uliandikwa saa na tarehe, na ninakuhakikishia kwamba baada ya miaka 30 mambo yaliyoonekana madogo ndiyo watu huyatafuta wakiwa na machozi.

Sasa zile 900. Hapo sikutetei. Pesa za gorogoro si zako. Mchuuzi wa omena akikosa mzigo siku moja, mteja wake wa kila wiki anahamia meza ya jirani, na kumrudisha si kazi ya siku moja. Rudisha 900 leo, kabla hujamaliza kusoma gazeti hili, na uongeze kitu juu. Kisha utenge pesa za treni kama watu wanavyotenga za vocha. Ikiwa ni 50 kwa siku, ni 50. Muhoroni itangoja mpaka zifike. Reli ya Nakuru hadi Kisumu ina kilomita 217, haitaondoka usiku.

Lakini kilichonifanya nivue miwani ni ule mstari wako wa karibu na mwisho. Mwanamke aliyeshinda juani na omena, ananuka samaki, miguu imemvimba, anafika nyumbani na kukuuliza, "Leo ilikuwa namba gani?" Na wewe ukanyamaza. Mwanangu, hivyo sivyo mtu anavyokejeli. Kejeli haiulizi namba. Kejeli hukuuliza kama treni itapika ugali. Yeye aliona kitu kinakuwasha macho akataka kuchungulia, ukamfungia dirisha.

Nakwambia hivi kwa sababu nimewahi kufanya ubaya wa namna hiyo kwa mkasi. Homa yangu ilikuwa ya mihuri ya posta, ile ya wino inayogongwa juu ya stempu, nitaieleza kwenye barua ya mwisho. Ilifika mahali nikawa nakata chochote chenye muhuri. Kaka yangu alikuwa akisoma India, akatuma aerogramu, zile karatasi nyepesi za bluu ambazo barua na bahasha ni kitu kimoja. Niliona muhuri safi, wa mviringo uliokamilika, nikakata pembe. Sikugeuza. Nyuma ya ile pembe palikuwa na mwisho wa barua: "Usisahau kumwambia Mama kwamba" na hapo mkasi ulipita. Muhuri niliubandika vizuri sana. Kaka aliporudi miaka mitatu baadaye nilimwuliza alitaka kumwambia Mama nini. Hakukumbuka. Mama alikufa akiamini ilikuwa habari ya harusi.

Kwa hiyo leo jioni, akishaweka karai chini na kunywa maji, mwambie ilikuwa namba gani. Hata asipouliza. Usimpe daraja zima la 59 kwa usiku mmoja.

*

Mulembe, Mama Posta. Nakuandikia kutoka Shinyalu, si mbali na msitu wa Kakamega. Kijana wangu ana miaka 11. Akiwa darasa la pili alikuwa na vifuniko vya soda, gunia zima, amevipanga kwa rangi na kwa meno. Viliisha, zikaja bendera za nchi. Nikamnunulia atlasi ya 1,800, akaijua yote, na sasa imelala juu ya kabati. Tangu likizo ya Aprili ni nondo. Wale wanaokuja kwenye taa ya jikoni. Ana viberiti 40 chini ya kitanda, kila kimoja na nondo wake mkavu, na karatasi yenye tarehe. Mwalimu wake ameniambia mtoto hana mwelekeo, kwamba anayeruka ruka hivi hatamaliza kitu maishani. Baba yake anasema vitupwe. Mimi sijui. Nilichoka na bendera, nitachoka na nondo, baada ya nondo kutakuja nini?
Mama Viberiti, Shinyalu

Mulembe muno, mwanangu. Baada ya nondo sijui kutakuja nini, na ningependa uniandikie kikija.

Mwalimu ameona mtoto anaruka. Mimi nimeona mtoto amekaa mahali pamoja tangu darasa la pili. Hebu tazama tena: vifuniko, bendera, nondo. Vitu vingi vinavyofanana, lakini havifanani. Mtoto huyu anapenda kupanga. Anapenda kujua hiki na kile ni ndugu au wamefanana sura tu. Homa zimebadilika, mgonjwa ni yule yule. Ungempeleka sokoni mkafika kwenye marundo ya maharagwe, nyayo kwa wairimu kwa yale ya manjano, ungemkuta ameinama hapo kwa saa nzima.

Kule Uingereza alikuwako kijana aliyependa mbawakawa kupita kiasi. Siku moja aligandua gome la mti akapata wawili wasio wa kawaida, mmoja kila mkono, kisha akatokea wa tatu. Hakutaka kumwachia hata mmoja, akamtia mmoja mdomoni apate mkono. Yule mdudu akamwachia maji makali ulimini, ikabidi ateme, na wa tatu akapotea. Kijana huyo ni Charles Darwin. Baadaye alipata homa nyingine ya viumbe wadogo wa baharini wanaojibandika kwenye miamba na matumbo ya meli, akakaa nao miaka minane, 1846 hadi 1854, kisha akawaacha. Simaanishi wako atakuwa Darwin. Wengi wetu hatuwi. Namaanisha tu kwamba kuacha vifuniko si dalili ya chochote.

Sasa acha nikupeleke karibu zaidi ya Uingereza. Wewe umekula tsiswa, yaani kumbikumbi, tangu utoto, nami nimekula Vihiga nilikozaliwa. Unajua zinavyotolewa. Mjomba wangu alikuwa bingwa. Angekaa chini kando ya kichuguu, akaziba matundu yote akaacha moja, akajenga kijumba cha fito juu yake na kukifunika majani na blanketi kuukuu, kiwe giza, na mbele shimo dogo la kukingia. Kisha vijiti viwili, anagonga juu ya kipande cha ubao: tititi, tititi, tititi, sauti ya matone ya mvua. Baada ya muda kumbikumbi huja juu wakidhani mvua imenyesha, wanatambaa kwenye kile kijumba wakifuata mwanga, wanaangukia shimoni. Sisi watoto tulikuwa tunawala hai, mbawa zikitukwama kwenye meno.

Nimejiuliza mara nyingi: nani alijua kwanza? Kuna mtu, zamani sana, alikaa mbele ya kichuguu siku nyingi kuliko ilivyokuwa busara. Aliwaona hawa wanatoka mchana, wale usiku, hawa baada ya mvua kubwa, wale baada ya manyunyu. Alijaribu kugonga hivi na vile. Mkewe alilalamika, wenzake walikuwa wanalima. Bila shaka kijiji kilisema hana mwelekeo. Na mpaka leo tunakula jasho lake na ugali.

Kwa hiyo viberiti visitupwe. Ila mambo ya vitendo. Kwanza, acha kununua. Kosa la atlasi halikuwa la mtoto, lilikuwa lako, na ulilifanya kwa upendo. Homa ya mtoto usiinunulie kitu cha bei mpaka ipite miezi mitatu, na hata hapo, nusu bei. Kwa nondo hahitaji kitu. Tundika shuka jeupe kwenye kamba ya nguo nyuma ya nyumba, weka taa nyuma yake, na uchague usiku usio na mwezi, maana mwezi ukiwaka huja wachache. Atapata wengi kuliko jikoni, na chakula chako kitapumzika na mbawa. Kopo la Blue Band lenye matundu kwenye kifuniko linatosha kumweka nondo usiku mmoja wa kumtazama. Mfundishe kuwaachia wengi waende, aweke mmoja wa kila aina. Viwavi wenye nywele asiwashike kwa mkono, utakesha ukimpaka mafuta. Na akiingia msituni, macho tu. Mle ndani ni hifadhi, asichukue kitu. Nje ya mlango wako panatosha.

Baba yake mpe kazi ya kutundika kamba. Mwanamume akishapigilia msumari mradi unakuwa wake, baada ya wiki mbili utamsikia anawaeleza wageni.

*

Mama Posta, mimi ni mweka hazina wa chama cha akina mama kanisani, Njoro, miaka 61. Jumamosi usiku mjukuu wangu alikuwa akitazama mieleka kwenye televisheni, nikakaa naye ili nimkataze. Huu ni mwezi wa tano sikosi. Natazama sauti ikiwa chini ili majirani wasisikie. Juzi nilimkaba mto wa kitanda mpaka ukachanika. Wenzangu wa chama wakijua nitaweka wapi uso wangu?
Mweka Hazina, Njoro

Dada, ongeza sauti.

Yakobo alipigana mieleka usiku kucha mpaka nyonga ikateguka, na tunamhubiri madhabahuni. Na kule Kakamega, Khayega na kwingineko, wazee wenye heshima zao hutoka alfajiri kwenye umande kufuata fahali wawili wakasukumane kwa pembe, na ngoma za isukuti zinalia mbele yao, isukuti ile ile iliyoingizwa kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2014. Hakuna anayewauliza wataweka wapi nyuso zao. Mto ushone kwa uzi mara mbili. Na nakuahidi, katika hao wenzako wa chama, wawili wanatazama na sauti iko chini. Siku ya mkutano taja jina la bingwa wako kama umeteleza ulimi, uone nani atageuka.

*

Habari Mama Posta. Mimi ni muuguzi, nakaa Nakuru. Mwaka uliopita niliingiwa na nyota. Zamu ya usiku, stima ikapotea mtaa mzima, nikatoka nje, nikatazama juu, ikawa basi. Nilinunua darubini ya mkono, ya mtumba lakini nzuri, 10 kwa 50, shilingi 6,500. Siku za mapumziko nilikuwa napanda na binamu yangu upande wa Menengai kabla ya baridi kuzidi. Nilijifunza kwamba sisi wa hapa ikweta tuna bahati, mwezi wa tano unaweza kuona Msalaba wa Kusini upande mmoja na lile Dubu Kubwa la kaskazini upande wa pili, usiku mmoja. Niliwaambia wodi nzima. Wagonjwa waliniita Sista Nyota. Hata nilianza kusema nitasomea.

Basi mwezi wa pili mwaka huu iliisha. Sijui vipi. Nilitoka nje nikatazama juu, nikaona nukta nyeupe, nikarudi ndani kulala. Darubini iko ndani ya soksi. Watu bado wananiuliza, "Sista Nyota, leo kuna nini?" na najisikia kama tapeli. Je, nilikuwa najidanganya? Na nijilazimishe?
Aliyekuwa Sista Nyota

Mwanangu, hukuwa tapeli. Tapeli ni anayechukua kitu chako. Wewe uliwagawia wagonjwa anga bure.

Niliahidi kueleza mihuri. Nilianza kazi kaunta ya posta mwaka 1975. Miaka mitatu baadaye akaja mzee mmoja, mwalimu mstaafu, na bahasha kuukuu akiuliza kama stempu zake zina thamani. Ilikuwa na ile ya senti 5 yenye picha ya mashua ya tanga kwenye Ziwa Victoria, na majina ya nchi tatu, Kenya, Uganda na Tanganyika. Lakini mimi jicho langu lilikwenda kwenye muhuri. Ulisema Broderick Falls. Nikamwuliza mzee, hii ni nchi gani? Akacheka mpaka akakohoa. "Binti, hiyo ni Webuye."

Hapo ndipo iliponipanda. Kumbe nchi ilikuwa na majina mengine chini ya majina yake, na yalikuwa yamelala kwenye bahasha ndani ya masanduku ya watu. Nikapata Thomson's Falls, ambayo ni Nyahururu. Nikapata Lumbwa, ambayo ni Kipkelion. Nilikuwa nawaomba wazee bahasha kama mtu anayeomba maji. Jioni nazikata pembe, nazilaza kwenye karai la maji ya uvuguvugu, natulia. Hapo ndipo palipo utamu, nisikilize: hutakiwi kuvuta. Ukivuta stempu inachanika. Unangoja dakika kumi, kumi na tano, na ghafla karatasi yenyewe inaachia, stempu inaelea juu kama jani. Unaikamata kwa kibanio cha nyusi, unailaza kifudifudi juu ya gazeti, juu yake gazeti jingine, juu yake kitabu kizito. Asubuhi iko bapa, na muhuri unasomeka herufi kwa herufi. Mihuri iliyokaa nusu kwenye stempu na nusu kwenye bahasha sikuilowesha, hiyo nilikata mraba mzima.

Miaka mitano. Kisha Jumanne moja mwaka 1983 nikapata muhuri wa Lodwar niliokuwa nautafuta kwa miaka miwili. Nikiwa na mkasi mkononi, nikautazama. Hakuna kilichotikisika. Nikaweka mkasi chini, nikaenda kuchuma sukuma wiki. Sikuurudia tena mkasi ule kwa kazi hiyo.

Nilijilazimisha, kama unavyotaka kujilazimisha. Miezi miwili nilikaa mbele ya karai nikijifanya nafurahi. Ni kama kukaa mezani na rafiki ambaye mazungumzo yamewaishia, na hakuna aliye na ubavu wa kuaga. Usifanye hivyo. Aga. Akikuuliza mtu leo kuna nini, mwambie, "Nyota nilimaliza, lakini ile pale ni Kilimia," kisha uendelee kubadilisha dripu. Umeona? Jina bado unalo. Halikuondoka na homa. Mimi hadi leo matatu ikipita Webuye nasikia maporomoko ya maji ambayo abiria wenzangu hawayasikii, kwa sababu nimeona jina la chini.

Na ukitaka kitu cha kuwapa wagonjwa wako, chukua hiki, nilipewa na mwenzangu wa Lamu tuliyekuwa tukipanga barua naye usiku: "Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua." Kilimia ni lile fungu la nyota ndogo ulilolitazama kwa darubini, na jina limetoka kwenye kulima. Yeye hakuwa na homa yoyote ya nyota. Alikuwa na ya karata. Lakini hiyo aliibeba tangu kwa babu yake aliyekuwa mvuvi, akaniachia mimi juu ya mfuko wa barua za Kericho.

Suala la kusomea, kama hukulipa karo bado, usilipe.

Kuhusu hiyo darubini iliyo ndani ya soksi: tafadhali usiiweke sokoni kwanza. Kuna mwewe mmoja ambaye kwa wiki mbili sasa anakuja kukaa juu ya nguzo ya stima nyuma ya nyumba yangu, saa tatu asubuhi, dakika chache tu, na kifuani ana rangi ambayo macho yangu hayaimalizi. Jana alikuja na mwenzake. Nimeanza kuandika saa. Mhariri anajua ninakopatikana, mwachie bei, na ukumbuke kwamba mimi ni mstaafu.